Kuanza maisha Uingereza na kufungua biashara ndogo ya chakula: hatua kwa hatua

Wengi wetu hatukuja Uingereza kufungua biashara. Mtu anakaanga mandazi ya watoto wake Jumapili asubuhi, jirani wa kutoka Tanga anaonja, na baada ya muda kuna sauti asiyoijua kwenye simu inayotaka mandazi mia moja ya arobaini ya mtoto. Biashara imeshazaliwa, na mwenyewe hajasajili jiko, hajui kodi inalipwaje, na pengine visa yake hairuhusu.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo, na wa yule ambaye bado yuko Dar, Mombasa, Kampala au Bukavu anapanga safari. Nimewaona akina mama wakilipa kodi ya nyumba kwa pesa ya sambusa, na nimeona pia watu wenye mkono mtamu kuliko wote wakiacha kwa sababu walianzia katikati. Hapa kila karatasi inashikiliwa na nyingine, kwa hiyo mpangilio ndio kila kitu. Fuata hatua kama zilivyo. Sheria ninazozitaja ni za England. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zinatofautiana kwa baadhi ya mambo, hasa upande wa ukaguzi wa chakula.

Hatua ya 1: Soma masharti ya visa kabla ya kununua hata unga

Ukikosea hapa, hakuna hatua nyingine itakayokuokoa.

Mwenye visa ya mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri wala kufanya biashara, hata ya wikiendi, hata ya WhatsApp peke yake. Zile saa 20 kwa wiki anazopewa mwanafunzi wa shahada wakati wa muhula ni za kuajiriwa na mtu mwingine. Akishamaliza masomo na kupata Graduate visa, anaweza kujiajiri. Mume au mke aliyekuja kama mtegemezi wa mwenye Skilled Worker, yaani visa ya kazi ya kuletwa na mwajiri, anaruhusiwa, na vilevile aliyeko hapa kwa visa ya ndoa.

Mwenye Skilled Worker mwenyewe, wakiwemo wauguzi na wahudumu wa wazee waliokuja kwa Health and Care, amefungwa na kazi iliyomleta. Kazi ya ziada imewekewa kikomo cha saa na pia aina ya kazi, na kuuza chapati si kitu cha kukibahatisha humo. Asianze mpaka mshauri anayetambuliwa kisheria asome masharti yake. Anayesubiri uamuzi wa maombi ya hifadhi naye asijiajiri.

Familia nyingi huwa na hali hii: mke ni mwanafunzi, mume ni mtegemezi. Biashara inaweza kuwa ya mume, lakini iwe yake kweli. Kama jina ni la baba na anayepika, kupokea oda na kupokea hela ni mama, visa ya mama iko hatarini, na ya familia nzima pamoja nayo.

Ushauri wa uhamiaji utolewe na wakili au mtu aliyesajiliwa na Immigration Advice Authority, chombo ambacho hadi Januari 2025 kiliitwa OISC. Asiyesajiliwa akitoa ushauri huo anatenda kosa la jinai. Yule kaka wa kanisani au msikitini anayejua mambo ya visa, mheshimu, kula naye, lakini pasi yako ibaki mfukoni mwako.

Hakikisha pia akaunti yako ya UKVI, idara ya visa na uhamiaji, inafunguka. Kadi za ukaazi, zile BRP, ziliisha muda wake mwisho wa 2024, na sasa hadhi yako iko mtandaoni. Mwenye nyumba na mwajiri watakuomba share code, yaani namba ya siri unayoitoa kwenye akaunti ili waone hadhi yako, ambayo hudumu siku 90. Ukibadilisha pasi au namba ya simu, irekebishe kwenye akaunti siku hiyohiyo, usingoje siku ya kusafiri.

Hatua ya 2: Anwani, na yote yanayoitegemea

Nyumba ya kupanga ndiyo mlango wa mengine yote. Kwa kodi za kawaida amana haiwezi kuzidi kodi ya wiki tano, na mwenye nyumba lazima aiweke kwenye mpango wa kulinda amana unaotambuliwa na serikali ndani ya siku 30. Dai karatasi ya kuthibitisha hilo. Usitume hela kwa nyumba ambayo wewe au mtu unayemwamini hajaingia ndani yake, hata kama picha ni nzuri na mwenye nyumba anajiita mchungaji.

Hapohapo mwanzoni muulize mwenye nyumba kama unaweza kupika chakula cha kuuza jikoni, na jibu liwe la maandishi. Ujumbe wa simu unatosha. Ni rahisi kuuliza kabla ya kusaini kuliko kueleza baada ya jirani kulalamikia harufu ya mafuta. Kama umepanga chumba kwenye nyumba ya watu watano wanaotumia jiko moja, maoni yangu ni kwamba usilifanye jiko hilo kuwa la biashara. Huwezi kuapa kwa usafi wa friji ambayo si yako. Tafuta kukodi kwa saa jiko la ukumbi wa jamii au la kanisa. Mengi hukaa wazi siku za kazi.

Ukishakuwa na anwani, mambo haya yaende pamoja:

Omba namba ya National Insurance, ile ya kodi na bima ya jamii, kwenye GOV.UK, tovuti ya serikali. Ni bure, na ukiwa na haki ya kufanya kazi unaweza kuanza kabla namba haijafika. Anayekutoza hela kukuombea anakuibia.

Jiandikishe kwa daktari wa mtaa, yaani GP. Hii nayo ni bure, na kliniki haina haki ya kukukataa kwa sababu tu huna hati ya anwani au ya uhamiaji. Fanya hivyo ukiwa mzima. Kwa jambo lisilo la dharura piga 111, kwa dharura 999. Serikali inawashauri wenye ngozi nyeusi kufikiria kumeza vitamini D mikrogramu 10 kila siku mwaka mzima, kwa sababu jua la huku halitoshi. Wengi wetu huchukulia uchovu wa Januari kuwa ni mawazo ya nyumbani, kumbe mwili nao umepungukiwa.

Jiandikishe kwa council tax, kodi ya halmashauri inayolipwa kwa kila nyumba, maana bili itakuja tu. Ukiwa mtu mzima pekee ndani ya nyumba unapunguziwa asilimia 25, lakini lazima uombe. Nyumba yenye wanafunzi peke yao, wanaosoma muda wote (full-time), hailipi.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wenye ruhusa ya kuishi hapa, yaani Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda, wana haki ya kujiandikisha kupiga kura. Mbali na kura yenyewe, jina lako kwenye daftari la wapiga kura huwasaidia wakopeshaji kuthibitisha kwamba wewe ni mtu wa anwani hiyo, na historia yako ya mikopo inaanza kujengeka. Mkongomani na Mrundi hawana njia hii mpaka wapate uraia; kwao mkataba wa simu wa kila mwezi unaolipwa bila kuchelewa husaidia kujenga jina.

Benki: fungua akaunti ya kawaida kwanza, halafu ya pili kwa ajili ya biashara. Sheria haimlazimishi anayejiajiri peke yake kuwa na akaunti ya biashara, ila benki nyingi zinakataza kufanyia biashara kwenye akaunti binafsi. Nitalirudia hili nikifika kwenye hela ya kutuma nyumbani, maana hapo ndipo biashara nyingi hufia.

Leseni ya udereva ya Kenya au Tanzania utaitumia kwa miezi 12 tangu uwe mkazi. Baada ya hapo unatakiwa uwe umechukua provisional, leseni ya kujifunzia, na kufaulu mitihani ya hapa. Usingoje mwezi wa kumi na moja, foleni ya mitihani ni ndefu, na kupeleka sufuria la pilau kwa basi ni mateso.

Hatua ya 3: Ujue mji kabla ya kuuza

Jipe muda wa kutembea mji bila kuuza kitu. Ujue unga wa mahindi mweupe unauzwa wapi kwa bei nafuu, nani ana iliki nzima na si ya unga iliyokwisha harufu, bucha gani ya halali itakupa risiti yenye jina na tarehe.

Leicester ni mfano mzuri. Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, wengi walihamia mji huo, wakaungana na waliotoka Kenya kabla yao. Walikuja na mihogo yao, ambayo mpaka leo huku inaitwa mogo na inauzwa ya kukaanga kwenye migahawa. Ukiingia maduka ya Belgrave Road usishangae mzee wa kaunta akikujibu kwa Kiswahili cha Kampala au Kisumu. Watu hawa wanajua ladha zetu. Ni wauzaji wa malighafi yako na pia ni wateja, na mtu anayepika bhajia akidhani wateja wake ni Waswahili tu anajinyima nusu ya soko.

Angalia pia maisha yako mwenyewe. Kama unafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee, huwezi kutoka saa moja asubuhi na kusimama kwenye mafuta ya moto saa tatu. Chagua siku mbili za kupika kwa wiki na uzitangaze. Mteja atazizoea.

Hatua ya 4: Sajili jiko, siku 28 kabla

Kila anayeuza chakula, hata kutoka jikoni kwake, lazima ajisajili kwa halmashauri ya eneo lake angalau siku 28 kabla ya kuanza. Usajili ni bure, unafanyika mtandaoni, na halmashauri haiwezi kuukataa. Kutojisajili ni kosa. Kukopi jina la biashara ya rafiki aliyesajiliwa hakukusaidii. Ukikodi jiko la kanisa, jiko lao laweza kuwa limesajiliwa, lakini biashara yako bado haijasajiliwa.

Tumia siku hizo kusoma kozi ya usafi wa chakula ya Level 2 mtandaoni. Sheria inataka uwe na ujuzi unaolingana na kazi yako, haidai cheti, ila mkaguzi akikuta cheti ukutani mazungumzo huanza vizuri. Pakua pia kabrasha la Safer Food, Better Business kutoka kwa FSA, shirika la serikali la viwango vya chakula, ambalo ni la bure. Ndani yake kuna shajara ya kujaza kila siku unapopika.

Ile shajara usiidharau. Mkaguzi anapima mambo matatu: unavyoshika chakula, hali ya jiko lenyewe, na ushahidi kwamba unasimamia usalama siku zote. Mama zetu ni wasafi mno, sakafu inang'aa, lakini hapo kwenye la tatu hakuna kilichoandikwa. Alama ni kuanzia 0 hadi 5 na zinawekwa mtandaoni kila mtu azione. Dakika tano za kuandika joto la friji na ulichopika leo ndizo zinazotenganisha 3 na 5.

Anachotaka kukiona: sabuni na taulo za karatasi za kukaushia mikono, ubao wa nyama mbichi tofauti na wa mboga, nyama mbichi chini kabisa ya friji, paka nje ya jiko, nguo chafu hazifuliwi wakati unapika. Nunua kipimajoto cha kuchoma kwenye chakula. Kwa sheria friji isizidi nyuzi 8, na chakula cha moto kinachosubiri kuliwa kisishuke chini ya 63. Ukipika au kupasha, ndani kabisa kufike 70 kwa dakika mbili.

Sasa wali. Mimi nauogopa wali kuliko nyama. Mchele huwa na kijidudu kiitwacho Bacillus cereus, ambacho mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Nyumbani tunapika pilau la harusi usiku, tunapalia makaa juu ya mfuniko, na asubuhi linapakuliwa likiwa bado na moto wake. Jiko la huku halina makaa. Sufuria linawekwa pembeni saa nne usiku, juu linapoa, katikati linabaki vuguvugu mpaka alfajiri, na muda wote huo vijidudu vinazaana na kuacha sumu ambayo kupasha hakuiondoi. Ukimaliza kupika, kama haliliwi saa hiyo, litandaze kwenye trei pana, tabaka jembamba, dirisha wazi, na ndani ya saa moja hivi liingie friji. Liliwe ndani ya saa 24. Kama harusi ni ya watu mia na huna friji ya kutosha trei hizo zote, pika asubuhi ya siku yenyewe au kataa oda. Kukataa oda hakujawahi kumlaza mtu hospitali.

Na mafuta yakishika moto usimwagie maji. Zima jiko kama unafikia, funika kwa blanketi la kuzimia moto, toka nje, piga 999. Blanketi hilo lining'inie karibu na mlango, mbali na jiko.

Hatua ya 5: Mzio (aleji), na karatasi inayobandikwa kwenye pakiti

Mwaka 2016 msichana wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alifariki baada ya kula mkate wenye ufuta ambao haukuandikwa kwenye pakiti. Kutokana na kifo chake, tangu Oktoba 2021 chakula kilichofungwa kabisa kabla ya mteja kukichagua, kinachouzwa palepale kilipofungwa, lazima kiwe na jina lake na orodha ya viungo vyote, vyenye mzio vikikolezwa wino. Ukiuza kwa simu au WhatsApp, mteja ajulishwe habari za mzio kabla hajalipa, na tena wakati wa kupokea.

Vitu vinavyotajwa na sheria ni 14: nafaka zenye gluteni kama ngano, maziwa, mayai, samaki, jamii ya kamba na kaa, jamii ya chaza na ngisi, karanga, jamii ya korosho na lozi, ufuta, soya, haradali, seleri, lupini na salfaiti.

Pitia chakula chetu kimoja kimoja. Mandazi yana ngano, na maziwa au mayai kutegemea mkono wa mpishi. Nazi haimo kwenye orodha, ila iandike, kwa sababu viungo vyote vinaandikwa. Kashata za karanga zinajieleza. Mkate wa ufuta, hivyohivyo. Uduvi na dagaa kwenye mchuzi mteja wa Kizungu hawezi kuvikisia. Penye mtego ni bizari: pakiti nyingi za bizari ya mchuzi zimechanganywa na haradali, na nyingine zina seleri au unga wa ngano. Geuza pakiti usome nyuma kila unaponunua, hata kama ni ile ile ya siku zote, kwa maana viwanda hubadilisha mchanganyiko.

Mtu akikuuliza kama chakula hakina karanga kabisa, na jikoni kwako unatengeneza kashata, jibu la kweli ni kwamba huwezi kumhakikishia. Mwambie hivyo kwa upole. Atakushukuru.

Usijaribu kuokoa gharama kwa kuletewa nyama kavu, samli au maziwa kwenye begi la mgeni kutoka nyumbani. Nyama na maziwa kutoka Afrika Mashariki haviruhusiwi kuingia kwenye mizigo ya abiria.

Hatua ya 6: Bima na taka

Kwa kifupi. Kata bima ya public liability, inayokulinda mteja au mtu mwingine akidhurika kwa kazi yako. Kumbi na masoko mengi hayakupi meza bila hiyo. Ukimwajiri mtu wa kukusaidia, hata kwa siku moja moja, bima ya mwajiri ni lazima kisheria na isipungue pauni milioni 5. Meza ya sokoni au barabarani inahitaji ruhusa ya halmashauri. Mafuta yaliyotumika usiyamwage kwenye sinki. Taka ya biashara huchukuliwa na aliyesajiliwa kuibeba, haiingii kwenye pipa la nyumbani.

Hatua ya 7: Bei, ndugu na deni

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo roho zinapoumia.

Tuseme umepika mandazi 60. Unga, sukari, tui, mafuta na iliki vimekula pauni 9. Gesi na mifuko, pauni 4. Umesimama saa tatu kuanzia kukanda mpaka kuosha sufuria. Kima cha chini cha mshahara kwa mwenye miaka 21 na zaidi ni pauni 12.71 kwa saa kuanzia Aprili 2026, kwa hiyo kazi yako ni pauni 38.13. Jumla ni pauni 51.13, sawa na peni 85 kwa andazi moja, kabla hujapata faida yoyote. Anayeuza manne kwa pauni 2 anamlipa mteja ili ale. Wengi wanafanya hivyo kwa miezi, kwa sababu hawajawahi kuandika saa zao.

Weka bei ambayo hata mteja asiyekujua anaweza kulipa na wewe ukabaki na kitu. Kisha ndugu na marafiki walipe hiyohiyo. Shemeji akiomba apunguziwe, usishushe bei, ongeza chakula: "Shemeji, bei ni hiyo ya kila mtu, ila zako nitakuwekea sambusa kumi juu." Bei ukiishusha mara moja, kesho mji mzima unaijua. Sambusa kumi ni zawadi ya siku ile tu.

Oda ichukuliwe kwa maandishi na nusu ilipwe mbele. Mfano wa ujumbe:

"Asante sana dada kwa oda. Sambusa 100 za nyama na mandazi 80, Jumamosi saa nane mchana (14:00), utachukua nyumbani. Jumla pauni 200. Pauni 100 naipokea leo ili siku iwe yako, na 100 siku ya kuchukua. Naomba pia unijulishe kama kuna mgeni mwenye mzio wa chakula."

Ile 14:00 iandike kila mara. Familia za huku zimechanganyika, mama anasoma saa za Kiswahili na binti yake anasoma za Kiingereza, na wote wawili wanasoma ujumbe uleule.

Mali kauli usiifungulie mlango. Anayesema "nitakupa Ijumaa" mjibu kwa adabu kwamba unga nao unanunuliwa kwa taslimu. Msiba ni jambo jingine. Kwenye msiba mimi naona mtu apike kwa gharama ya vitu tu, au atoe bure kwa kadiri ya uwezo wake, na aandike kuwa ni mchango wake. Jamii inayokubeba Eid na Krismasi ndiyo itakayokubeba wewe pia siku yako. Ila panga mwanzoni mwa mwaka utatoa kiasi gani, ili huruma isile mtaji.

Na hela ya nyumbani. Simu itapigwa: ada ya shule, dawa za bibi, bati la nyumba. Jilipe mshahara mdogo kutoka akaunti ya biashara kila mwezi, na utume nyumbani kutoka kwenye mshahara huo. Akaunti ya biashara usiiguse, hata kama leo ina pauni 600 na mdogo wako anahitaji 150; ndani ya zile 600 kuna unga wa wiki ijayo, kuna amana ya mtu ya harusi, na kuna kodi ya serikali. Waeleze wazazi mapema, kwa sauti ya upendo, kwamba umeanza kitu na kwa mwaka wa kwanza utatuma kidogo lakini kwa tarehe ileile. Wazee wengi wanachotaka zaidi ni uhakika. Visa nyingi zimeandikwa kwamba huna haki ya misaada ya serikali, kwa hiyo biashara ikiyumba hakuna wa kukushika. Akiba ya kodi ya nyumba ya miezi mitatu itangulie kabla ya kuongeza friza ya pili.

Hatua ya 8: Kodi ya mapato

Mwaka wa kodi huanza 6 Aprili na kuisha 5 Aprili. Mauzo yako yote ya mwaka yakiwa hayazidi pauni 1,000, na huna sababu nyingine ya kujaza fomu, huhitaji kujisajili. Ni mauzo, si faida. Yakizidi, jisajili kwa Self Assessment, utaratibu wa kujaza mwenyewe fomu ya kodi, kabla ya 5 Oktoba inayofuata mwisho wa mwaka huo wa kodi. HMRC, mamlaka ya kodi, watakutumia UTR, namba yako ya mlipakodi yenye tarakimu 10. Kwa mfano, aliyeanza kuuza Juni 2026 anajisajili kabla ya 5 Oktoba 2027, na fomu na malipo yanatakiwa yafike kabla au siku ya 31 Januari 2028. Kuchelewa kuwasilisha hata kwa siku moja ni faini ya pauni 100, hata kama hudaiwi kodi.

Pauni 12,570 za kwanza za mapato yako hazitozwi kodi, lakini kiasi hicho ni kimoja kwa mtu, si kimoja kwa kila kazi. Mwenye mshahara wa pauni 24,000 ameshakitumia chote kazini. Biashara ikimpa faida ya pauni 4,000, atalipa asilimia 20 ya hiyo, yaani pauni 800. Kila oda inapolipwa, hamisha robo ya faida kwenye kijiakaunti cha pembeni na usahau kuwa ni yako.

Bili ikipita pauni 1,000 kuna kitu kinachowashtua wengi. Mara nyingi HMRC hudai malipo ya mbele ya mwaka unaofuata: nusu ya bili hiyo Januari hiyohiyo, na nusu Julai 31. Bili ya 1,600 inaweza kuwa 2,400 mezani Januari. Sio faini, ni kodi ya kesho inayolipwa leo, lakini ijue mapema.

Unaweza kutoa gharama zako halisi kwenye mauzo: unga, mifuko, bima, kodi ya jiko, mafuta ya gari kwa safari za kupeleka oda. Au uchague kutoa ile 1,000 moja kwa moja bila kuonyesha gharama. Huwezi vyote viwili. Piga hesabu uone ipi kubwa. Risiti zipige picha siku ileile, za duka la halali zinafutika wino kabla ya mwaka kuisha. Kumbukumbu zote zitunzwe kwa miaka mitano baada ya ile tarehe ya 31 Januari ya kuwasilisha.

Anza kama mtu binafsi anayejiajiri. Kampuni ya limited ina kazi ya makaratasi ambayo biashara ya sufuria mbili haihitaji. VAT ni mpaka mauzo ya miezi 12 yapite pauni 90,000. Kinachokukaribia zaidi ni utaratibu wa kupeleka hesabu kidijitali kila robo mwaka, ulioanza Aprili 2026 kwa wenye mauzo ya zaidi ya pauni 50,000, unaoshuka hadi 30,000 Aprili 2027 na 20,000 Aprili 2028. Ukianza leo kuandika mauzo kwenye programu ya simu badala ya daftari la jikoni, siku zamu yako ikifika hutakuwa na cha kuhamisha.